Tovuti Inaposhambuliwa, Nani Abebe Hasara?

Jumuiya zetu nyingi, madrasa na misikiti, hivi sasa zina tovuti. Humo huwekwa ratiba za swala, darsa zilizorekodiwa, matokeo ya mitihani na namba za kuchangia. Ni wachache miongoni mwa viongozi wetu waliopata kujiuliza tovuti hizo zinakaa wapi. Tovuti haikai hewani. Inakaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, nayo seva imo katika jengo la kampuni fulani, aghalabu ng'ambo, iliyotupangisha sehemu yake kwa ada ya mwezi au ya mwaka. Sisi basi ni wapangaji, na kampuni hizo ndizo wenye nyumba. Makala hii inazungumzia kifungu kimoja cha upangaji huo ambacho hakisomwi na mtu mpaka msiba ufike: mwenye nyumba atafanya nini siku mpangaji wake atakapohujumiwa.

Hujuma ninayoikusudia si ile ya wizi. Hapa mshambuliaji havunji mlango wala hachukui kitu. Analeta umati wa wageni wa uongo mlangoni, wanaobisha hodi usiku na mchana, hata wageni wa kweli wakose pa kupita. Wataalamu huiita hujuma ya kunyima huduma, na jina hilo lasadifu. Mwezi Septemba 1996 kampuni ya Panix ya New York, mojawapo ya kampuni za mwanzo kuuza huduma ya intaneti mjini humo, ilikaa siku kadhaa chini ya hujuma ya aina hii. Ilivyo ni kwamba kompyuta inayotaka kusema na seva hubisha hodi kwanza, seva huitikia na kumwekea nafasi, kisha mgeni huthibitisha kuwa yupo. Mshambuliaji wa Panix alibisha hodi mfululizo kwa anwani za kughushi. Seva zikaitikia, zikasubiri uthibitisho ambao usingekuja, na nafasi zote za kusubiri zikajaa. Mwaka huohuo mtaalamu Daniel J. Bernstein alipendekeza dawa, nayo ni kwamba seva isimwekee mgeni nafasi yoyote mpaka athibitishe kwanza. Dawa hiyo inatumika hadi leo, na kwa hujuma ya namna ile inatosha.

Lakini maadui walibadilisha mbinu. Badala ya kuzijaza nafasi za seva, wakaamua kuijaza njia yenyewe. Mwezi Februari 2000 kijana wa Kanada mwenye umri wa miaka 15 aliziangusha kwa zamu tovuti za Yahoo, eBay, CNN na Amazon. Mwezi Machi 2013 shirika la Spamhaus, linaloorodhesha watumaji wa barua taka, lilimiminiwa mafuriko ya gigabiti zipatazo 300 kwa sekunde. Februari 2018 GitHub, ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilipata terabiti 1.35 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya yale. Mei 2025 kampuni ya Cloudflare iliyazuia mafuriko ya terabiti 7.3 kwa sekunde. Aliyelengwa mara hiyo alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, yaani kampuni ya kupangisha seva. Hapa dawa ya Bernstein haifui dafu, kwa sababu maji hujaa barabarani kabla ya kuufikia mlango.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba. Njia ya kampuni inayoingia kwenye jengo ni moja au chache, na wapangaji wanaoitumia ni mamia au maelfu. Mafuriko yanayomlenga mmoja yanawazuia wote. Fundi wa zamu anayo hatua moja iliyo rahisi kuliko zote: huziamuru ruta zake, na huiomba kampuni iliyo juu yake, kuitupa kila pakiti inayoelekea kwenye anwani ya yule mmoja. Anwani hiyo inafutika kwenye ramani ya intaneti. Mafuriko yanakosa pa kwenda, jengo linapumua, wapangaji wengine wanarudi kazini. Naye aliyeshambuliwa hapatikani tena na yeyote, awe adui au rafiki.

Tazama kilichotokea hapo. Mshambuliaji alitaka tovuti ile isionekane, na sasa haionekani. Matakwa yake yametimizwa, na aliyeyatimiza ni yuleyule anayelipwa ada ili tovuti ionekane.

Sisemi kwamba fundi yule amefanya dhuluma. Wanazuoni wa fiqhi walikwisha lijadili suala la namna hii karne nyingi kabla ya umeme, na waliafiki kwamba madhara ya mmoja hubebwa ili kuyaepusha ya wengi. Mfano wao mashuhuri ni wa chombo cha baharini, nasi watu wa pwani tunauelewa kuliko wengine. Jahazi limepakia, dhoruba imepiga, maji yanaingia, na nahodha anaona kwamba bila kupunguza mzigo wote wataghariki. Hutupa shehena baharini. Hakuna atakayemlaumu. Lakini mlango ule wa fiqhi hauishii hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo kampuni za kupangisha tovuti hazijaifikia. Wanazuoni waliuliza pia: je, hasara ya shehena iliyotupwa ni ya nani? Wale wa madhehebu ya Imam Malik waliandika kwamba hasara hiyo hugawanywa baina ya wenye mali ya biashara iliyomo chomboni, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake, kwa sababu mali zao zimesalimika kwa kutupwa mali ya mwenzao. Sheria za bahari za mataifa mengine nazo zina kanuni kama hii.

Katika majengo ya seva, shehena hutupwa na hasara huachiwa aliyetupiwa. Mia tisa na tisini na tisa wameokoka kwa gharama ya mmoja, na hawana hata habari. Fauka ya hayo, mikataba mingi huipa kampuni haki ya kumwondoa kabisa mpangaji anayeleta mafuriko, kana kwamba ni yeye aliyeyaita.

Kisa cha mwandishi wa habari wa Marekani, Brian Krebs, chaonyesha kwamba hata wakubwa hufika mahali pa kutupa shehena. Krebs huandika kuhusu wahalifu wa kompyuta. Mwezi Septemba 1996 ulikuwa wa Panix; mwezi Septemba 2016 ukawa wake. Alikuwa ameandika juu ya vDOS, duka lililouza hujuma kwa yeyote mwenye fedha, na ambalo lilikuwa limekusanya zaidi ya dola 600,000 katika miaka miwili. Vijana wawili wa Israel wakakamatwa. Siku chache baadaye tovuti yake ikapigwa kwa gigabiti zipatazo 620 kwa sekunde. Kampuni ya Akamai, mojawapo ya ngao kubwa kabisa duniani, ilikuwa ikimlinda bure. Ililihimili shambulio. Lakini lilikuwa karibu mara mbili ya kubwa kuliko yote iliyowahi kuyaona, na wateja wanaolipa walianza kuumia, hivyo ikamtaka aondoke. Krebs mwenyewe, kwa insafu, hakuilaumu. Aliulizia bei ya ulinzi wa kiwango kile kwingineko, akaambiwa dola 150,000 hadi 200,000 kwa mwaka. Mtu mmoja anayeandika kwake nyumbani atazitoa wapi? Siku kadhaa tovuti yake haikuwapo, mpaka Google ilipomchukua chini ya mradi wake wa kuwalinda bure waandishi wa habari na watetezi wa haki.

Alipata mlinzi kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikimtazama. Jumuiya moja ya elimu ninayoifahamu haikutazamwa na yeyote. Ilikuwa na tovuti ndogo, imepangishwa kwa ada nafuu, na katika kumi la mwisho la Ramadhani tovuti ikatoweka siku mbili, siku ambazo watu huzitafuta namba za kutolea zakatul-fitri. Barua ya kampuni ilikuwa na mistari mitatu: anwani imezimwa kwa sababu ya shambulio, itafunguliwa baadaye, asanteni kwa subira. Sisi tulishangaa ni nani mwenye uadui na ratiba ya darsa za watoto. Baada ya kuulizia sana ikabainika kwamba hakuna. Kampuni zinazotoza ada ndogo huwaweka wapangaji wengi katika seva moja na chini ya anwani moja, na aliyelengwa alikuwa jirani yetu, tovuti ya kubashiri matokeo ya mpira. Miaka mingi tumewakataza vijana wetu kamari, kumbe madrasa yao inalala chumba kimoja na mcheza kamari! Jirani wa mtaani unaweza kumchunguza kabla ya kuhamia. Huyu humjui mpaka nyumba iungue.

Basi je, kuna njia nyingine isipokuwa kuzima anwani? Zipo, na si za jana. Mwaka 2003 ilianzishwa kampuni ya Prolexic huko Florida kuwalinda wenye tovuti za kamari (ndio walioandamwa mno, kwa vitisho vya kudaiwa fedha), na njia yake ilikuwa ni kuyageuza mafuriko yapitie kwanza kwenye vituo vikubwa vya kuchuja, ambako pakiti za uongo hutenganishwa na za kweli, kisha zilizo safi hupelekwa kwa mwenyewe. Akamai iliinunua baadaye, na ndiyo ngao iliyotajwa katika kisa cha Krebs. Njia ya pili ni kuitangaza anwani moja kutoka miji mingi kwa wakati mmoja, ili mafuriko yagawanyike, kila mji upate fungu linalostahimilika. Ndivyo Cloudflare ilivyoihami Spamhaus mwaka 2013. GitHub ilipopigwa mwaka 2018 iligeuza njia zake kwenda kwenye vituo vya kuchuja, na ndani ya dakika chache ikarejea.

Yote haya yanagharimu, na hapo ndipo penye mzizi wa suala. Gharama hiyo yaweza kuwekwa kama bidhaa ya pembeni, inayonunuliwa na mwenye uwezo, na maskini akaachwa kwa fundi wa zamu. Au yaweza kutandazwa juu ya wapangaji wote, kidogokidogo, ndani ya ada ya kawaida. OVH ya Ufaransa ilichagua hili la pili tangu 2013 na kuwapa wateja wake wote ulinzi bila malipo ya ziada. Cloudflare nayo mwezi Septemba 2017 ilitangaza kwamba haitamtoza wala kumwondoa mteja kwa sababu ya ukubwa wa shambulio, hata yule asiyelipa chochote. Bila shaka wanafanya biashara, hawatoi sadaka. Lakini walilolifanya ni lilelile la wenye shehena: hasara ya mmoja imegawanywa kwa wote. Na maadam limewezekana kwa hao, udhuru wa kampuni ndogo kwamba haliwezekani unapungua nguvu, kwani hata kampuni ndogo yaweza kununua uchujaji kwa jumla na kuigawa bei yake.

Naona pia hatari katika hili, nami siifichi. Iwapo kila tovuti duniani italazimika kujificha nyuma ya ngao za kampuni nne au tano za Marekani na Ulaya, hao watakuwa na neno la mwisho juu ya nani aonekane na nani asionekane. Kumkimbia mshambuliaji na kuingia katika rehema ya mlinzi ni kubadilisha bwana tu. Kwa sasa sioni jibu la hilo. Ila najua kwamba mlinzi unayeweza kumsoma mkataba wake ni afadhali kuliko mafuriko.

Tusiwasahau wanaoyaleta mafuriko yenyewe. Jeshi lililompiga Krebs liliitwa Mirai, nalo lilikuwa la kamera za ulinzi, ruta na vinasa picha vya majumbani. Programu yake ilizunguka intaneti ikijaribu majina na maneno ya siri yapatayo 60, yale yanayowekwa kiwandani na yasiyobadilishwa na mnunuzi, na kila kifaa kilichofunguka kilisajiliwa jeshini. Walioitunga ni vijana watatu wa Marekani, waliokiri kosa mwaka 2017. Mmoja wao alikuwa na kampuni ya kuuza kinga dhidi ya hujuma hizohizo. Programu ikasambaa kwa wengine. Mwaka 2016 Mwingereza Daniel Kaye aliitumia kuipiga kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, kwa kulipwa na ofisa wa kampuni shindani, na watu wa nchi ile wakapata taabu ya intaneti. Mahakama ya London ilimhukumu mwezi Januari 2019 kifungo cha miezi 32.

Na lipo la kutugusa zaidi. Mwezi Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, ambao ndani yake mna huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulipigwa kwa hujuma hii. Waombaji wa pasipoti na leseni walikwama, wanunuzi wa umeme na tiketi za treni wakahangaika, na serikali ikalazimika kuahidi kuwapa wageni viza wanapowasili. Waliojitangaza kuwa ndio wahusika walijiita Anonymous Sudan. Kundi hili lilipoanza mwanzoni mwa 2023 lilisema linalipiza kwa kuchomwa Msahafu huko Sweden, na wapo vijana wetu walioshangilia. Kisha likalidai fedha shirika la ndege la SAS. Mwezi Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walifungua hati dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, wakidai kwamba kundi lilifanya mashambulio zaidi ya 35,000, na kwamba lilikuwa likiuza chombo chake kwa wengine. Kwa mujibu wa hati hiyo, mwezi Februari 2024 hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles ilishindwa kuwapokea wagonjwa wa dharura kwa muda wa saa nane hivi, wakapelekwa hospitali nyingine. Mashtaka ni mashtaka mpaka yathibitike. Lakini namuuliza kijana aliyeshangilia: mgonjwa wa moyo aliyegeuzwa mlangoni alichoma nini? Na mama wa Mombasa aliyekosa umeme, je? Msahafu hauhitaji mtetezi wa aina hiyo, na anayetoza fedha kwa jina lake ameufanya bidhaa.

Kuna taksiri nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya wenye mitandao ambamo hujuma hutokea. Hujuma nyingi hutegemea anwani za kughushi, na tangu Januari 1998 wahandisi wa intaneti waliandika waraka unaoeleza jinsi ya kuzizuia: kila mtandao ukague pakiti zinazotoka kwake, na isiyo na anwani ya mtandao huo isipite. Waraka ukakaririwa mwaka 2000. Ni sawa na bandari kutoruhusu chombo kutoka na bendera ya uongo. Hata hivyo, hadi leo ipo mitandao isiyofanya hivyo, kwa sababu anayekagua hubeba gharama na anayenufaika ni mtu wa mbali. Kampuni ya kupangisha inayoizima anwani ya mteja wake mnyonge, huku ikiziachia pakiti za kughushi zitoke kwenye jengo lake, haina haki ya kulalamikia dhoruba.

Ama sisi wapangaji, tunayo ya kufanya kabla ya kusaini. Kamati iulize kwa maandishi: mkitushambuliwa mtaizima anwani yetu, na kwa saa ngapi? Mtatuarifu kwa njia gani? Anwani yetu ni yetu peke yetu, au tunashirikiana na nani? Uchujaji umo ndani ya ada, au ni nyongeza? Kampuni isiyotaka kuyajibu hayo imekwisha jibu. Nakala ya tovuti iwekwe mahali pengine, na jina la tovuti lisisajiliwe kwa kampuni ileile inayoipangisha, ili siku ya msiba muweze kuhama bila kumwomba ruhusa aliyewazima. Namba za kuchangia zibandikwe pia ubaoni msikitini. Karatasi haizimwi kutoka ng'ambo.

Na kwa kuwa misikiti mingi sasa imefunga kamera mlangoni na kwenye rafu za viatu, kamati zimwite fundi aliyezifunga. Aulizwe kama neno la siri la kiwandani lilibadilishwa, na alibadilishe mbele yao. Ikiwa kamera ni ya aina isiyoruhusu kubadilishwa, ikatwe kwenye intaneti. Picha zake zitaendelea kuhifadhiwa kwenye kinasa kilichomo ofisini, na mwizi wa viatu ataonekana vilevile.